Ukitaka kusomea kemia ya seli, anza na jani la mkonge

Vijana wa Tanga wanaotaka kusomea umetaboli, yaani mabadiliko ya kikemia yanayoendelea ndani ya seli hai, huniuliza kwanza habari za mashine: "Shikamoo Profesa, chuo gani kina vifaa vya kisasa?" Ninawaelewa, lakini jibu langu halibadiliki. Tafuta swali kwanza, na swali hilo lihusu mwendo wa mambo ndani ya seli. Kujua kiasi peke yake hakutoshi.

Chukua ATP, ile molekuli inayoipa seli nguvu ya kufanya kazi. Kwa wakati mmoja mwili wa mtu mzima huwa na ATP isiyofika gramu 300. Hata hivyo, kwa siku moja huitumia na kuitengeneza upya mara nyingi mno, hadi jumla yake hukaribia uzito wa mtu mwenyewe. Ukihesabu mabasi yaliyoegeshwa stendi ya Kange saa sita mchana, hujajua yamepita mangapi tangu alfajiri. Ndiyo maana sisi huilisha seli sukari yenye kaboni-13, aina ya kaboni iliyo nzito kidogo kuliko ile ya kawaida na hivyo hutambulika, kisha tukafuatilia kaboni hiyo inatokea wapi na baada ya muda gani.

Nanyi wa Tanga mna pa kuanzia. Mkonge ulifika pwani yenu mwaka 1893, pale Richard Hindorf alipoagiza miche kutoka Florida na ikasalimika 62 tu. Mmea huu hubana maji kwa namna ya ajabu: hufungua stomata, vile vitundu vidogo vya jani, usiku, huvuta kaboni dioksidi na kuihifadhi ndani ya vakuoli (mfuko wa maji ndani ya seli) ikiwa asidi ya maliki. Kukicha hufunga stomata, huivunja ile asidi, na kaboni dioksidi inayotoka hutengenezewa sukari kwa nguvu ya jua. Kwa hiyo jani la alfajiri lina asidi nyingi kuliko jani lile lile jioni.

Hilo linapimika katika maabara ya sekondari. Kata kipande kabla jua halijachomoza na kingine jioni, vyote vya uzito mmoja. Vaa glovu, maana maji ya mkonge huwasha vibaya. Katakata upesi, tumbukiza kwenye maji yanayochemka, ponda, chuja, kisha fanya titresheni: dondoshea kwa bureti besi ya sodiamu haidroksidi, ukiwa umetia matone ya fenolfthalini ya kuonyesha rangi, mpaka rangi ya waridi igome kufutika. Soma bureti. Cha alfajiri kitakunywa besi hiyo nyingi zaidi.

Hapo kwenye maji yanayochemka usipapuuze. Jani ulilolikata bado li hai. Vimeng'enya vyake, yaani protini zinazoharakisha kemia ya seli, vinaendelea na kazi mkononi mwako, na ukichelewa unapima kitu kingine kabisa. Joto huvisimamisha. Nimeona tasnifu nzima ikikataliwa kwa sababu sampuli zilikaa mezani watu wakitafuta kalamu ya kuandikia lebo.

Mwanabiokemia Hans Krebs alipogundua mzunguko wa asidi ya sitriki, njia ambayo seli huvunjia chakula ili kupata nguvu, huko Sheffield, Uingereza, mwaka 1937, alitumia msuli wa kifua cha njiwa uliosagwa na manomita za kupima oksijeni inayotumika. Jarida la Nature halikuichapisha barua yake, akaipeleka kwingine. Mwaka 1953 alipewa Tuzo ya Nobeli. Makala yako ikirudishwa, soma maoni, rekebisha, itume tena wiki hiyo hiyo.

Kuhusu ngazi zenyewe: PCB (fizikia, kemia na biolojia) kidato cha sita, shahada, halafu mkufunzi msaidizi, mhadhiri, hadi profesa. Ni miaka mingi, na nyumbani watauliza utaanza lini kutibu watu. Waeleze kwa upole, kila mara. GPA, wastani wa alama zako chuoni, ilinde tangu mwaka wa kwanza, kwa sababu nafasi za ukufunzi hazimsubiri aliyejipanga mwaka wa tatu.

Ukifika chuo, mtafute mapema fundi sanifu wa maabara, umsalimie kwa heshima, umwombe akufundishe. Mimi pipeti, kifaa cha kupimia na kuhamisha vimiminika, nilifundishwa na mama mmoja fundi sanifu, aliyenisimamia nikidondosha maji kwenye mizani mpaka mililita moja ikawa gramu moja kweli. Na vitendanishi, yaani kemikali za majaribio, vikikwama bandarini, fundi sanifu ndiye anayejua maabara ipi ya jirani inavyo, na nani wa kumwomba.