Uwiano wa 2 kwa 3: wa nini kwa nini?

SWALI: Mwanangu anasoma hesabu kwa Kiingereza shuleni, na jioni hapa Nakuru namfafanulia kwa Kiswahili. Nilimpa hili: katika pembetatu ABC, nukta D inaigawa AB kwa uwiano wa 2 kwa 3, E iko juu ya AC, na DE ni sambamba na BC. Ikiwa eneo la ABC ni sentimita mraba 50, la ADE ni kiasi gani? Yeye kapata 22 na ushei, kitabu kinasema 8. Je, Kiswahili changu ndicho kilichompoteza?

JIBU: Sentensi yako ni sahihi, ila imemwachia msikilizaji kazi. Mstari ukigawika “kwa uwiano wa 2 kwa 3”, ni kipande kwa kipande: AD kwa DB. Mwanao aliichukua ile 3 kuwa AB nzima, ndipo akapata 4/9 ya 50. Kumbe AB ni 2 + 3, yaani 5, na AD ni 2/5 yake. Kwa kuwa DE ni sambamba na BC, pembetatu ADE na ABC zinafanana, yaani zina umbo lile lile ila ukubwa tofauti; pande zake zikiwa 2 kwa 5, maeneo yake ni 2 × 2 kwa 5 × 5, yaani 4 kwa 25. Basi 50 × 4/25 = 8, na umbo linalobaki, DBCE, ni 42.

Ungesema “AD kwa DB ni 2 kwa 3”, asingekwama. Mimi hata “uwiano kati ya AD na DB” naukwepa, maana “na” haimlazimishi mtu kufuata mpangilio.

Halafu kuna hii “kwa” yenyewe. Ploti ya 50 kwa 100 ni futi 50 upande huu na futi 100 upande ule. Ukitaka eneo unazidisha, unapata futi mraba 5,000. Katika uwiano, “kwa” hiyo hiyo inalinganisha, wala huzidishi kitu. Kwa hiyo usilidondoshe neno “uwiano”. Na “ploti kubwa mara mbili” je? Ile ya 100 kwa 200 ina pande maradufu, lakini eneo lake, 20,000, ni mara nne. Taja unachopima.

Tahadhari moja: si kila uwiano wa urefu unaozidishwa kwa wenyewe ili kupata wa eneo. Unganisha C na D. Pembetatu ADC na DBC hazifanani, ila kimo chake kutoka C ni kimoja, na vitako ni AD na DB. Maeneo yake ni 2 kwa 3 vivyo hivyo, yaani 20 na 30. Aliyekariri kanuni bila kuuliza kama maumbo yanafanana ataandika 4 kwa 9 hapa pia.