Flashi inawaka nikiijaribu, kamera ikipiga hainiitikii

SWALI: Mwalimu, nina Canon EOS 250D. Majuzi nilinunua flashi ya bei nafuu hapa mjini, ile ya kurekebisha kwa mkono, haina TTL (ule mfumo wa kamera kuipimia flashi mwanga yenyewe). Nikibonyeza kitufe chake cha kujaribia inawaka, lakini nikipiga picha, kimya. Muuzaji anasema kamera ni mbovu. Wiki tatu zijazo binamu yangu anaoa Ahero, na arusi itakuwa chini ya tenti. Nisaidie. – Msomaji, Mamboleo, Kisumu

JIBU: Kijana wangu, kamera yako ni nzima na flashi pia ni nzima. Itoe flashi, kisha uangalie pale juu ya kamera inapochomekwa. Kamera nyingi zina kitone kikubwa cha chuma katikati, na vidogo vimekizunguka. Yako haina hicho cha katikati. Canon hawakukiweka kwenye 250D ya mwaka 2019, wala kwenye 4000D ya mwaka 2018. Flashi kama yako hungoja amri kupitia kitone hicho tu.

Mwombe muuzaji akubadilishie. Tafuta yenye TTL iliyotengenezewa Canon, maana hiyo huongea na kamera kupitia vitone vidogo. Ya Nikon au Sony haitakufaa hata ikifanana nayo. Nenda dukani na kamera yako, piga picha kumi ndipo utoe pesa. Hakikisha pia kichwa chake kinageuka juu na kando. Kisichogeuka kiache, hata ukipunguziwa bei nusu.

Nakazia hilo la kichwa kwa sababu ya tenti. Ukimwelekezea mtu flashi usoni, paji la uso litang'aa na nyuma yake kutakuwa giza. Ielekeze juu kwenye kitambaa cheupe, na mwanga utashuka taratibu kama wa dirishani. Lakini kwanza tazama rangi ya kitambaa. Niliwahi kupiga arusi huko huko upande wa Ahero, tenti limepambwa zambarau tupu, nami nikaelekeza juu kwa mazoea. Mama ya bi arusi alizishika zile picha, akazigeuza mara mbili, akaniuliza, "Gauni letu lilikuwa jeupe. Hili ni la nani?" Sijasahau sauti yake. Kukiwa na zambarau, geukia ukuta mweupe, au funga kadi nyeupe nyuma ya kichwa cha flashi.

Weka kamera kwenye M, unapopanga mwenyewe: kasi ya shata 1/125, tundu la lenzi f/5.6, ISO 400, na flashi kwenye TTL. Usipite kasi ya 1/200, la sivyo utapata mkanda mweusi kwenye picha, kivuli cha pazia la shata. Gauni jeupe likijaa kwenye picha, TTL hudhani mwanga umezidi na kuupunguza. Nyuso zetu nyeusi ndizo huumia. Ongeza fidia ya flashi (nguvu unayoiongezea juu ya kipimo cha TTL) kwa theluthi mbili, yaani +2/3, uangalie uso, si gauni.

Betri nunua za kuchaji, AA za NiMH, seti mbili za nne nne. Zichaji usiku wa kuamkia arusi, na seti ya pili ikae mfukoni mwako, si kwenye mkoba ulioachwa garini. Keki haitakungoja.