Ruta ya bei nafuu kwa nyumba yenye watu wengi: antena sita zinasaidia?

SWALI: Habari za kazi, kaka. Naishi Tabata, Dar es Salaam, nyumba ya vyumba vinne iliyojengwa kwa tofali za saruji. Tuko saba, na uani kuna vyumba viwili vya wapangaji ambao nao wanatumia Wi-Fi yetu, imo kwenye kodi. Tuna faiba ya Mbps 40. Mchana mambo shwari, ila kuanzia saa mbili usiku TV zote mbili zinabaki zinazunguka tu, mwanangu anayesoma kwa Zoom analalamika sauti inakatika, na chumba cha mwisho Wi-Fi inashika kijiti kimoja. Ruta tuliyopewa na watu wa faiba iko sebuleni nyuma ya TV. Muuzaji wa Kariakoo ananiambia ninunue ya antena sita yenye Wi-Fi 6. Bajeti yangu laki mbili na nusu. Ninunue ipi?

JIBU: Dada yangu, laki mbili na nusu inatosha, ila isiishie yote kwenye ruta. Tuanze na hesabu. Netflix wenyewe wanapendekeza Mbps 5 kwa picha ya Full HD na 15 kwa 4K. TV zako mbili zikiwa kwenye Full HD zinakula 10, Zoom ya kijana haifiki 5, na zaidi ya 20 zinabaki kwa simu. Kwa nyumba yako Mbps 40 ni za kutosha, kwa hiyo usikubali haraka ukiambiwa upandishe kifurushi. Kwanza tujue mtandao unakwama wapi, na hilo halina gharama.

Usiku, mambo yakianza kugoma, kaa na laptop kwenye kile chumba cha mwisho. Kama ni Windows, tafuta cmd (dirisha la kuandika amri), ifungue, uandike ping 192.168.1.1 -t. Hiyo ndiyo anwani ya ruta nyingi. Kama yako ni tofauti, iko kwenye stika chini ya ruta. Mistari itaanza kushuka, na kila mmoja una muda kwa milisekunde. Mtu aliyekaa karibu na ruta huona 2, 3, labda 5. Wewe ukiona 80, kisha 300, kisha mstari wa kusema muda umekwisha bila jibu, basi mawasiliano yanapotea humo humo ndani ya nyumba na faiba haihusiki. Kama namba zimetulia, rudia kwa ping 8.8.8.8 -t, ambayo ni seva ya Google, huku mtu mmoja akipandisha video ndefu mtandaoni. Zikiruka kutoka 30 hadi 600, foleni iko kwenye njia ya kupandisha. Simu za siku hizi zikifika nyumbani zinashika Wi-Fi na kuanza kuhifadhi picha mtandaoni zenyewe, na Zoom ndiyo ya kwanza kuumia.

Kwa maelezo yako, natarajia utaona tatizo la kwanza, la humo ndani ya nyumba. Kwenye chaneli moja ya Wi-Fi hutuma mmoja tu kwa wakati, wengine wanasubiri. Simu ya mpangaji iliyo nyuma ya kuta mbili ikiunganishwa kwa kasi ya Mbps 6, inachukua muda mara kumi ya simu ya Mbps 60 kubeba mzigo uleule, na muda huo wote TV yako inangoja. Ndiyo maana mtu mmoja wa mbali anaweza kuwaharibia walio sebuleni.

Hapo antena sita hazitakuokoa. Nguvu ya mawimbi ya ruta ina kikomo cha kisheria, na hata ruta ikisikika mbali, simu nayo lazima ijibu, na redio ya simu ni ndogo. Utaona vijiti vimejaa na bado ukurasa haufunguki.

Sasa kuhusu maandishi ya kwenye boksi, maana hapo ndipo watu wengi wanapopigwa. Ukiona AC1200, hiyo ni jumla ya kasi za bendi mbili, yaani masafa mawili ya Wi-Fi: 300 za GHz 2.4 na 867 za GHz 5, kisha wakakuza kidogo. Simu yako inashika bendi moja kwa wakati, kwa hiyo hiyo 1,200 hakuna atakayeiona. Kwa mfano, TP-Link Archer C50 na Archer C6, zote zinapatikana sana. Zote ni AC1200, na matoleo ya karibuni yote yana antena nne za nje. Tofauti iko kwenye poti: C50 zinaishia Mbps 100, C6 ni za gigabiti, yaani Mbps 1,000. Xiaomi nao wana Router 4A na 4A Gigabit Edition, zinafanana kama pacha. Kwa Mbps 40 zako poti ya 100 haikubani leo, niseme ukweli. Ila ukipandisha kifurushi hadi 150 kesho kutwa, ruta ya poti za 100 itakuletea 94 hivi tu, na wewe utakuwa unagombana na watu wa faiba bure. Lipia gigabiti.

Wi-Fi 6 ni nzuri kwa nyumba yenye vifaa vingi kwa sababu ruta inaweza kuhudumia kadhaa kwa mpigo mmoja. Lakini kifaa nacho lazima kiwe cha Wi-Fi 6. iPhone zilianza nayo na iPhone 11, mwaka 2019, na simu nyingi za bei ya chini hazina mpaka leo. Kuwa macho pia: MikroTik hAP ax lite ni Wi-Fi 6 kweli, ila ina bendi ya 2.4 peke yake. Kwa nyumba yako hiyo hapana.

Ningekuwa mimi, ningechukua C6 au ya aina yake, yenye bendi mbili, poti za gigabiti na uwezo wa kufanya kazi kama kituo cha Wi-Fi tu. Kwenye menyu huitwa Access Point. Chenji inayobaki inunue waya wa mtandao wa aina ya Cat5e au Cat6, uvutwe kutoka ruta ya faiba hadi korido ya nyuma, na ruta mpya ifungwe huko juu ukutani katika hali hiyo ya Access Point. Zote zipewe jina moja la Wi-Fi na nywila moja. Kwenye GHz 2.4 moja iwe chaneli 1, nyingine 6 au 11, zisigongane. Ya zamani nayo itoe nyuma ya TV, maana bamba la chuma la TV linaziba mawimbi. Na TV yenyewe, iko hapo hapo jirani na ruta, kwa nini iwe kwenye Wi-Fi? Ichomeke waya.

Fundi akikushauri kifaa cha kurudisha mawimbi badala ya waya, mwulize kina redio ngapi. Vile vya bei rahisi hupokea na kutuma kwa chaneli ileile, kasi inakatika nusu. Waya nao una ujanja wake: kuna unaoitwa CCA, alumini iliyopakwa shaba. Ukwangue kwa kisu, ukiona weupe ndani, rudisha.

Ruta za mitumba kutoka Ulaya achana nazo, hata kama muuzaji anazisifia. Nyingi zilitengenezwa kwa laini ya simu ya DSL, hazina poti ya kupokea faiba yako, na baadhi zimefungwa na kampuni iliyozitoa.

Kipimo cha pili kikionyesha foleni, hapo hali ni tofauti. Ruta mpya lazima ikae katikati, kati ya faiba na nyumba, na iwe na uwezo wa kupanga foleni. MikroTik hAP ac2 yenye RouterOS 7, programu inayoiendesha, inafanya hivyo vizuri kuliko ruta yoyote ya bei yake ninayoijua, lakini menyu zake si za mtu wa kawaida. Utahitaji fundi anayeijua. Kabla ya kufika huko, zima kuhifadhi picha kiotomatiki kwenye simu kubwa mbili tatu za nyumbani, uone usiku unaofuata.

Wapangaji wawekee mtandao wa wageni kwenye ruta zote mbili, nywila yake tofauti. Hakikisha kwanza kwamba hata katika hali ya Access Point unawatenga na vifaa vyako, maana si kila ruta inaweza. Akihama mmoja, unabadilisha nywila hiyo tu bila kugusa TV wala simu za watoto.