Mama hana presha ya kutisha, kidonge cha presha cha nini?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 58, anauza dagaa soko la Kirumba, na kisukari anacho mwaka wa tisa sasa. Miezi miwili iliyopita kliniki walimwongezea enalaprili. Presha siku hiyo ilikuwa 138 kwa 86, wakasema pia mkojo wake una protini. Baada ya wiki tatu akaanza kikohozi kikavu, hasa usiku, akaacha kidonge. Anasema yeye anaumwa sukari, si presha. Mimi nimesoma kwamba kuna dawa za kuzuia vimeng'enya zinazolinda mishipa ya damu ya wenye kisukari. Zinapatikana hapa Mwanza, au mpaka tuagize nje?

JIBU: Marahaba, ingawa mimi ni mfamasia, udaktari umenipa wewe. Hiyo dawa unayotaka kuiagiza nje, mama anayo tayari kwenye mkoba wake. Enalaprili ni kizuia kimeng'enya, yaani huzuia protini ya mwili inayoendesha kazi fulani ya kikemikali.

Kimeng'enya chenyewe kimetanda kwenye utando wa ndani wa mishipa ya damu, hasa ya mapafu. Kazi yake ni kuikata angiotensini ya kwanza iwe angiotensini ya pili, na hii ya pili ndiyo inayobana mishipa. Presha inapanda, hilo wengi wanalijua. Kwa mwenye sukari shughuli kubwa iko kwenye figo. Kila figo ina vichujio vidogo karibu milioni moja, na kila kimoja kina mshipa wa kuingiza damu na mwingine wa kuitoa. Angiotensini ya pili huubana zaidi ule wa kutoa. Shika mpira wa kumwagilia bustani, ubane mdomoni huku bomba liko wazi, uone unavyotuna. Kichujio nacho hutuna hivyo hivyo, na sukari ikiwa juu damu huingia nyingi kuliko kawaida. Miaka ikienda, matundu yanalegea na protini inapita kama dagaa kwenye nyavu za sangara. Ndiyo hiyo waliyoiona kwenye mkojo wa mama.

Ukikizuia kimeng'enya, mlango wa kutokea unafunguka na msukumo ndani ya kichujio unashuka. Ndiyo maana kidonge hiki hupunguza protini kwenye mkojo kuliko unavyoweza kueleza kwa kuangalia mashine ya presha peke yake. Utafiti wa kaptoprili, ndugu mkubwa wa enalaprili, uliochapishwa mwaka 1993, ulifuata watu 409 wenye kisukari aina ya 1 ambao figo zao zilishaguswa. Kwa waliomeza dawa, hatari ya kufa, kusafishwa damu kwa mashine au kupandikizwa figo ilipungua kwa nusu. Kwa kisukari cha ukubwani kama cha mama, losatani, dawa nyingine ya presha, ilionyesha kinga ya figo mwaka 2001 kwa wagonjwa 1,513.

Sasa kikohozi. Kimeng'enya hicho hicho kina kazi ya pili, kuvunjavunja kemikali iitwayo bradikinini. Ukikizuia, bradikinini inajaa na koo linawasha. Losatani haigusi kimeng'enya, inaziba pale angiotensini ya pili inapotua, kwa hiyo ni nadra kukohoza. Mama arudi kliniki abadilishiwe, asikae bila dawa wala asimeze zote mbili kwa pamoja. Lakini usiniamini haraka kwamba ni dawa tu. Mwenye kisukari hupata kifua kikuu kwa urahisi kuliko wengine, na kikohozi kimeshapita wiki mbili. Apimwe makohozi kwanza. Nimeona watu wakibadilishiwa vidonge mara mbili huku TB inawala taratibu.

Jambo moja halisubiri kliniki: akimeza enalaprili midomo, ulimi au uso ukavimba, ni hospitali saa hiyo hiyo, na dawa hiyo asiiguse tena maisha yake. Tatizo hilo huwapata zaidi watu weusi.

Huenda ulichosoma ni habari za kimeng'enya kingine, aldozi riduktasi, kinachogeuza sukari iliyozidi kuwa sobitoli ndani ya seli za mishipa, neva na jicho. Kukizuia kwenye maabara kulipendeza sana. Kwa binadamu imekuwa kazi ngumu: toliresitati, dawa ya kukizuia, iliondolewa sokoni mwaka 1996 kwa kuumiza ini, na mwenzake epalresitati inatumika Japani kwa maumivu ya neva, si kwa kulinda mishipa. Ukikutana na mtu stendi anauza unga wa "kuzuia vimeng'enya vya sukari", mwache na unga wake.

Kinachofaa kuulizia ni statini, nayo ni kizuia kimeng'enya, kile cha ini kinachotengeneza kolesteroli. Mwaka 2004, atovastatini ilipunguza kwa asilimia 37 mashambulizi ya moyo na kiharusi kwa wenye kisukari ambao hawakuwa na ugonjwa wa moyo. Kwa umri wa mama, aiulizie.

Wiki iliyopita bibi mmoja alinifungulia kitambaa juu ya kaunta: losatani, metformini, na diklofenaki alizonunua mwenyewe kwa ajili ya mgongo. Mama yako anabeba magunia, kwa hiyo nasema mapema. Diklofenaki juu ya dawa hizi huzichosha figo. Parasetamoli inatosha. Akishikwa na kuhara au kutapika sana, asimamishe kidonge cha figo mpaka ale na kunywa vizuri. Na kama una dada mwenye mimba, au anayetafuta, asiazime hata kimoja, kwa sababu kinamdhuru mtoto tumboni.

Wiki moja au mbili baada ya kuanza dawa mpya apimwe damu: kreatinini, yaani taka inayochujwa na figo, na potasiamu, aina ya chumvi. Kreatinini ikipanda kidogo, chini ya asilimia 30, msishtuke. Kichujio kimepunguziwa msukumo tu. Siku ya kwenda abebe pakiti zote, hata zilizoisha, na mkojo wa kwanza wa asubuhi kwenye kopo safi lenye kifuniko.