Brashi ya maji inanidondoshea matone

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nimenunua brashi ya plastiki inayojazwa maji kwenye mpini, maana nimechoka kubeba kikombe cha maji kila nikienda kuchora Fort Jesus. Tatizo, tone kubwa hudondoka ghafla juu ya mchoro hata kama sijaibonyeza. Na anga nikilianza kwa buluu iliyokolea, nikifika upande wa pili limeshapauka. Nimeuziwa mbovu?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Marahaba. Brashi yako ni nzima; kinachokusumbua ni hewa. Maji yakipungua kwenye mpini, hewa huingia mahali pake, na hewa ikipata joto hutanuka na kuyasukuma maji yatoke nchani. Joto la kiganja peke yake latosha, sembuse jua la saa saba la Mombasa. Ndiyo maana brashi iliyobaki nusu hudondosha kuliko iliyojaa, ingawa wengi huweka maji kidogo wakidhani wanajihadhari.

Ijaze basi. Fungua mpini, uzamishe majini, ubonyeze, uachie unywe. Ukigoma, tumia bomba la sindano lisilo na sindano. Ukichora, kaa kivulini, na kila mara kabla ya kugusa karatasi pitisha ncha kwenye kitambaa. Mimi nina kipande cha kanga kuukuu, kinafyonza kuliko tishu yoyote.

Sasa hilo anga. Brashi ya kawaida ukishaichovya, maji yake ni yaleyale mpaka uichovye tena. Hii hunyweshwa kutoka ndani muda wote, kwa hiyo mkupuo unaanza na rangi na kuishia na maji. Koroga kwanza rangi ya kutosha kwenye kifuniko cha kisanduku cha rangi, nzito kidogo kuliko unavyoitaka, uwe unairudia mara kwa mara bila kubonyeza mpini. Lakini kusema kweli, mimi anga pana silichori kwa brashi hii. Hubeba brashi moja bapa ya kawaida, nikakamulia maji kifunikoni kutoka kwenye hii ya plastiki, na kikombe kikabaki nyumbani.

Kwenye kuta za ngome ndipo kupauka huko kunapokufaa. Weka kahawia nzito chini ya ukuta, uivute kwenda juu, uache maji yaififishe yenyewe: utapata lile jiwe la matumbawe lililochakaa bila kuchanganya rangi ya pili.

Maji yakikuishia, usishawishike kuchota baharini. Chumvi hukauka ndani ya kizibo cha ncha na kuziba njia. Wino usiofutika kwa maji nao usiutie humo kabisa.

Kuisafisha ni kubonyeza huku ukifuta kwenye kitambaa mpaka maji yatoke meupe. Nywele zake zikibaki na rangi ya buluu usihangaike nazo. Ni nailoni iliyoshika doa, haitachafua njano yako.