Shujaa Wangu Amegeuzwa Msaliti: Je, Nina Haki ya Kukasirika?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma vitabu vya katuni vya Captain America tangu nilipojua kusoma. Nilimpenda kuliko mashujaa wengine kwa sababu, ingawa wengi wao walimzidi nguvu, hakuna aliyemzidi msimamo. Mwaka 2016 nilinunua toleo la kwanza la mfululizo wake mpya, na nilipofika mwisho nikamkuta akimtupa mwenzake nje ya ndege, kisha akitamka salamu ya utii kwa Hydra, kundi alilopigana nalo miaka yote. Tangu siku hiyo sikununua tena. Sasa mwanangu amefikia umri wa kusoma, amelikuta sanduku la matoleo yangu ya zamani, na ananiuliza kwa nini yanakatika ghafla. Mke wangu anasema nilikasirikia karatasi na wino. Je, nilikosea? Na je, nimpe mtoto hadithi hizo ilhali najua zilivyoishia?

JIBU: Ndugu msomaji, hukukosea, na hasira yako ina mizizi mirefu kuliko wanavyodhani wale wanaoiona kuwa ni utoto. Captain America hakubuniwa na watu waliokuwa wakitafuta tu mhusika wa kumvika nguo za rangi. Joe Simon na Jack Kirby, wote wawili watoto wa familia za Kiyahudi, walimleta kwa wasomaji mwishoni mwa mwaka 1940, wakati Marekani ilikuwa haijaingia katika Vita vya Pili vya Dunia na Wamarekani wengi walitaka nchi yao ikae mbali navyo. Jalada la toleo hilo la kwanza, lililobeba tarehe ya Machi 1941, linamwonyesha akimpiga Hitler ngumi ya uso. Simon alisimulia baadaye kwamba walipokea barua za matusi na vitisho kutoka kwa waliowaunga mkono Wanazi, hata ikabidi polisi walinde ofisi yao, naye meya wa New York, Fiorello La Guardia, akawapigia simu kuwahakikishia kwamba jiji litawalinda. Kumpinga fashisti, basi, si sifa aliyoongezewa shujaa huyu njiani, bali ndiyo sababu ya kuzaliwa kwake.

Wapo waliojibu malalamiko ya mwaka 2016 kwa kusema kwamba Hydra, kundi lililoanza kuonekana katika hadithi hizo mwaka 1965, si Wanazi wenyewe. Hoja hiyo hainiridhishi. Mmoja wa viongozi wake wanaojulikana zaidi, Baron Strucker, amechorwa miaka yote kama afisa wa Kinazi, na msomaji anayeliona jina la Hydra hahitaji kufafanuliwa linasimamia nini. Kumweka mtu aliyebuniwa na vijana wawili wa Kiyahudi katika safu za kundi la namna hiyo ni kugusa kaburi la waliomuumba, na wasomaji waliolisema hilo kwa uchungu walikuwa wakisema jambo la kweli.

Hata hivyo, ni lazima tutofautishe mabadiliko na mabadiliko, kwa maana si kila geuzo linalomkera shabiki ni usaliti. Mwaka 1974 Steve Rogers, ambalo ndilo jina lake halisi, alilitupa jina la Captain America baada ya kugundua kwamba uovu umefika hadi ngazi za juu za serikali, akavaa vazi jingine na kujiita Nomad. Mwaka 2007 aliuawa kwa risasi. Mwaka 2014 ngao yake ilikabidhiwa kwa Sam Wilson, rafiki yake Mwafrika-Mmarekani ambaye amekuwamo katika hadithi hizo tangu mwaka 1969. Katika nyakati hizo zote wapo waliolalamika, na wengine walioipinga ngao ya Sam Wilson waliongozwa na chuki ya rangi na si na mapenzi kwa shujaa. Lakini ukiyachunguza mageuzi hayo, utaona kwamba kila moja linauliza swali lile lile la zamani, yaani mtu mwadilifu afanye nini pale nchi yake inapokengeuka, au nani anastahili kuibeba ngao asipokuwapo mwenyewe. Steve aliyelikataa jina lake mwaka 1974 ni Steve yule yule, na pengine hajawahi kuwa yeye zaidi ya siku hiyo. Nguvu, vazi, kifo, hata mtu aliye nyuma ya kinyago vinaweza kubadilika bila shujaa kuguswa. Kinachomvunja ni kubadilishiwa kile ambacho asingekubali kukitenda hata kwa kutishiwa kifo, na ndicho ulichokiona katika ukurasa ule.

Kwa kuwa uliacha kununua siku hiyo hiyo, huenda hukupata sehemu iliyofuata, nami naona ni haki uijue. Toleo la pili, lililotoka mwezi mmoja baadaye, lilieleza kwamba kipande cha mchemraba wenye uwezo wa kuugeuza uhalisia, kilichochukua umbo la msichana mdogo aitwaye Kobik, kilikuwa kimeyaandika upya maisha ya Steve Rogers kwa ushawishi wa adui yake mkuu, Red Skull. Hakuwa amewadanganya wenzake miaka yote. Alikuwa ameibiwa maisha yake na kupewa mengine. Hadithi iliendelea kwa zaidi ya mwaka, ikamfanya mtawala wa Marekani nzima chini ya bendera ya Hydra, na mwaka 2017 ikaisha kwa Steve wa kweli, kama alivyokuwa kabla ya maisha yake kuandikwa upya, kurejea na kupambana na yule wa bandia ana kwa ana mpaka akamshinda.

Maoni yangu ni kwamba mwandishi wake, Nick Spencer, alikuwa na jambo zito la kusema kuhusu jinsi watu wanavyoweza kumfuata kiongozi kwa sababu tu ana sura wanayoiamini. Kosa kubwa lilikuwa la namna hadithi ilivyouzwa. Kwa wiki zile za mwanzo wachapishaji walisisitiza hadharani kwamba huyu ndiye Steve Rogers halisi, ingawa walijua maelezo yanakuja, na hivyo wakayageuza maumivu ya wasomaji wao kuwa tangazo la biashara. Ukimwomba msomaji subira, huna budi kwanza kumpa sababu ya kukuamini.

Lipo jambo moja katika ghadhabu ile ambalo siwezi kulitetea. Spencer alitumiwa vitisho vya kuuawa. Fikiria maana yake: mwaka 1941 waliotuma vitisho kwa waumbaji wa Captain America walikuwa wafuasi wa Hitler, na miaka 75 baadaye vitisho vya namna ile ile vikatumwa na watu waliodai kumlinda shujaa yule yule. Wewe ulifunga kitabu na ukaacha kununua. Huko ndiko kupinga kwa heshima, na mchapishaji huusikia upinzani wa namna hiyo vizuri kabisa kwenye hesabu zake.

Kuhusu mwanao, mpe sanduku lote. Mwache aanze na matoleo ya zamani amzoee Steve, ajue anasimama wapi, kisha utakapoona amekomaa mtafutie na yale uliyoyakosa, hasa mwisho wake, na myasome pamoja. Mtoto anayemfahamu shujaa vizuri atamtambua yule wa bandia mwenyewe, na ningependa sana kujua ni katika ukurasa gani atakwambia kwamba huyu siye. Kwa mama yake, mwambie kwamba karatasi na wino ndivyo vilivyomfanya meya wa New York anyanyue simu.

SWALI: Ndugu Mhariri, hasira za mashabiki zimewahi kubadilisha chochote, au wachapishaji hufanya watakavyo?

JIBU: Zimewahi, ingawa mara nyingi kwa kuchelewa. Mwaka 1968 Wonder Woman alivuliwa nguvu na vazi lake, akafanywa mwanamke wa kawaida mwenye ujuzi wa kupigana. Wanawake waliokua wakimsoma, akiwamo mwanahabari Gloria Steinem, waliona kwamba wameporwa mfano wao, na Steinem akamweka kwenye jalada la jarida lake la Ms. mwaka 1972, mwaka uliofuata nguvu zake zilirudi. Hal Jordan, shujaa wa Green Lantern, aligeuzwa muuaji mwaka 1994. Kundi la mashabiki wake lilipigania arejeshwe kwa miaka, na alirudi katika hadithi iliyoanza mwaka 2004. Siwezi kukuhakikishia kwamba ni barua zao pekee zilizomrudisha, kwa kuwa mwandishi aliyemrejesha, Geoff Johns, naye alimpenda mhusika huyo; lakini hakuna mwandishi anayemfufua shujaa ambaye hakuna anayemlilia.

Kwa upande mwingine, ndoa ya Peter Parker, ambaye ndiye Spider-Man, na Mary Jane, iliyofungwa mwaka 1987, ilifutwa mwaka 2007 kwa mapatano na pepo Mephisto, na kilio cha wasomaji hakikuirudisha katika mfululizo mkuu wa Spider-Man hata baada ya miaka mingi.

Ukitaka kuona ugumu wa kuwasikiliza mashabiki, angalia mwaka 1988, pale wachapishaji wa Batman walipowapa wasomaji namba mbili za simu na saa 36 za kuamua kama Jason Todd, kijana wa pili kuitwa Robin, msaidizi wa Batman, aishi au afe. Kila simu ililipiwa senti 50, na hakukuwa na kizuizi cha mtu mmoja kupiga mara kadhaa. Simu 5,343 zilitaka afe na 5,271 zilitaka aishi, tofauti ya 72 tu, naye akauawa. Mhariri anayepokea rundo la barua zenye hasira hujua kwamba kuna karibu rundo jingine la kimo kile kile linalosema kinyume, au la watu waliofurahi na hawakuandika. Kwa hiyo unapoandika, taja toleo na ukurasa, eleza ni tabia gani ya shujaa iliyovunjwa na ilijengwa lini, na sema wazi ni hadithi ya namna gani ungerudi kuinunua.