Fundi seremala wa Keko, Dar es Salaam, anayetaka kuona kisiwa cha Chatham

Ndugu yangu, umeuliza kama ukiwa Chennai kumuuguza mama inafaa uibe siku mbili ukaone kiwanda cha mbao cha Chatham, visiwa vya Andaman, India. Akipata nafuu, nenda.

Ndege kutoka Chennai hadi Port Blair (siku hizi jina rasmi ni Sri Vijaya Puram) ni kama saa mbili, na daraja fupi linakufikisha kisiwani. Waingereza walikianzisha kiwanda mwaka 1883, wakati Andaman ilikuwa koloni la wafungwa.

Kwa fundi kama wewe, kitakachokugusa ni mti wenyewe. Padauk ya kule ni jamii moja kabisa na mninga wetu, zote kwa jina la kisayansi ni Pterocarpus. Itazame ile nyekundu yake, pitisha kiganja, ulinganishe na mninga unaouranda kila siku. Mimi hapo ningekaa nusu siku nzima! Kuna pia makumbusho ya misitu na shimo la bomu la Vita Kuu ya Pili.

Nenda asubuhi, siku ya kazi. Ulizia mapema taratibu za vibali kwa wageni, na usibebe mbao bila risiti na kibali.

Mpe mama pole nyingi.